Swali la Tatu Niliacha Wazi: Maarifa ya Jumla na Sisi Tunaotaka Kusoma Sheria



Leo naandika jambo ambalo nimelificha kwa miezi kadhaa. Wengi wenu mnajua mwaka jana, mwezi wa kumi, nilishuka Bujumbura kufanya mtihani wa kuingia kusoma sheria kwenye chuo kimoja cha binafsi. Niliporudi mkaniuliza, "Kaka, imeendaje?" Nikawajibu, "Tunangoja." Ukweli ni kwamba matokeo yalishatoka. Nilianguka.

Sikuangushwa na Kifaransa. Sikuangushwa na sehemu ya kufikiri, ile ambayo wanakupa hadithi ya watu wawili wanaogombania shamba, unaambiwa useme nani ana haki na kwa nini. Hapo nilifanya vizuri. Niliangushwa na maarifa ya jumla. Nilipata 6 juu ya 20.

Naandika sababu najua mwaka huu kuna wengine wanajiandaa, na wanajiandaa vilevile nilivyojiandaa mimi. Sitaki mwanguke mahali nilipoanguka.

Niwape maswali matatu kati ya yale. La kwanza: Burundi ina mikoa mingapi? Nikaandika 17. La pili: taja nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nikaandika tano. La tatu: eleza tofauti kati ya mkimbizi kwa Mkataba wa Geneva wa 1951 na mkimbizi kwa mkataba wa Afrika wa 1969.

Hili la tatu niliacha wazi. Mimi niko mkimbizi tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Karti ya ukimbizi ilikuwa mfukoni mwangu ndani ya kile chumba, ndiyo niliyoonyesha mlangoni ili niingie. Na swali linaloniuliza mimi ni nani kwa sheria, nikaliacha jeupe.

Maoni yangu ni haya: maarifa ya jumla tunayasoma vibaya. Tunakariri majibu ya zamani ya watu wengine, halafu tunaruka mambo ambayo tunaishi nayo kila siku.

Kijitabu cha fotokopi

Mnakijua kile kijitabu. Kinazunguka kambini na mjini, maswali na majibu, fotokopi ya fotokopi, herufi nyingine hazisomeki. Mimi nilikinunua kwa pesa ya posho yangu ya kujitolea, nikakimeza chote. Usiku mdogo wangu ananiuliza swali, mimi najibu kabla hajamaliza. Nilijiona niko tayari.

Kijitabu hakikusema uongo. Kilisema kweli ya wakati wake. Burundi ilikuwa na mikoa 17 mpaka mwaka 2015, mkoa wa Rumonge ulipoundwa ikawa 18. Halafu ikaja sheria mpya ya kupanga nchi upya, na tangu 2025 mikoa ni mitano tu: Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega. Komini nazo zilikuwa 119, zimebaki 42. Sisi wenyewe tumeguswa na hilo. Cankuzo, Ruyigi na Muyinga, ambako ndugu zetu wengi wako kwenye kambi, sasa zote ziko ndani ya Buhumuza.

Kijitabu kinasema mji mkuu ni Bujumbura, nukta. Tangu 2019 mji mkuu wa kisiasa ni Gitega, na Bujumbura imebaki mji mkuu wa uchumi. Kinasema muhula wa rais ni miaka mitano. Katiba ya 2018 imesema saba. Kinasema Kongo yetu ina mikoa 11. Tangu 2015 iko 26. Kinasema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi tano. Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo ikaingia 2022, Somalia ikakamilisha 2024. Sasa ni nane.

Hebu fikiria hiyo ya Kongo. Nchi yangu mwenyewe imeingia kwenye Jumuiya, mimi niko kwenye mtihani naiacha nje kwa mkono wangu.

Wengine watasema, basi tutafute kijitabu kipya. Hapana. Kijitabu kipya nacho kitazeeka. Shida kubwa ni ile tabia ya kushika namba bila kuuliza imetoka wapi. Mtu aliyejua kwamba mikoa inapangwa kwa sheria, na sheria inabadilishwa na Bunge, akisikia habari ya mabadiliko kwenye redio masikio yatasimama. Mimi nilisikia hiyo habari. Nakumbuka nilikuwa napiga foleni ya maji, redio ya mzee mmoja inasema mikoa mitano. Haikunigusa, sababu kwa kichwa changu lile swali lilishafungwa: 17.

Tulisoma programu ya Kongo

Kuna lingine la kusema bila kuona haya. Wengi wetu tuliosoma shule za kambini tulisoma programu ya Kongo, tukajiandaa kwa Mtihani wa Serikali wa Kongo. Ule nao uko na sehemu yake ya maarifa ya jumla. Kwa hiyo mtu anayajua ya tarehe 30 Juni 1960, Lumumba na Kasa-Vubu, anataja mito ya Kongo kama majina ya wajomba zake. Lakini umwulize Prince Louis Rwagasore ni nani, anakuambia ni jina la barabara.

Rwagasore alikuwa mtoto wa mwami, akaongoza chama cha UPRONA kikashinda uchaguzi wa 1961, akauawa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo. Uhuru ukaja tarehe 1 Julai 1962, yeye hayupo. Kuna Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni 1993 na kuuawa Oktoba 1993. Kuna Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000. Mwalimu Nyerere ndiye aliyeanza kuwapatanisha Warundi pale, alipofariki Oktoba 1999 Mandela akashika kazi. Kutoka Arusha ndiko yalikotoka mambo mengi ambayo mtahini anaweza kukuuliza kuhusu Katiba, kama ile hesabu ya viti vya Bunge la Taifa: Wahutu asilimia 60, Watutsi asilimia 40, na wanawake wasipungue asilimia 30.

Kuna rafiki yangu ananiambia, "Hiyo si haki. Wananiuliza historia yao wakati mimi si wa hapa." Ninamwelewa, lakini sikubaliani naye. Nikiomba kusoma sheria katika nchi ya mtu, nitatumia sheria zake na nitakaa na watoto wake darasani. Mwenyeji ana haki ya kujua kama nimejisumbua kuijua nyumba niliyoingia. Na wale wenzetu waliofika Kampala wataulizwa ya kwao kule. Chuo Kikuu cha Makerere nacho kina mtihani wake wa kuingia kwenye sheria. Hakuna mahali utapita bila kuulizwa.

Tena tusisahau, Daktari Denis Mukwege, yule wa Panzi pale Bukavu aliyepata Nobel ya Amani 2018, udaktari alisomea Chuo Kikuu cha Burundi, hapahapa Bujumbura. Mkongomani kusoma hapa si jambo la jana.

Swali ambalo kila mtu kambini anauliza

Sasa nirudi kwa lile swali la tatu, lililonitia aibu.

Kwa ufupi iko hivi. Mkataba wa 1951 unasema mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake na ana hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi yake, dini yake, uraia wake, kundi la kijamii alilomo, au mawazo yake ya kisiasa. Kwanza ulihusu mambo yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Januari 1951, hasa watu wa Ulaya baada ya vita. Itifaki ya 1967 ikaondoa huo mpaka wa tarehe. Halafu mwaka 1969, pale Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaandika mkataba wake na kuongeza: hata mtu aliyekimbia uvamizi kutoka nje, kukaliwa na nchi nyingine, kutawaliwa na wageni, au fujo kubwa zilizovuruga usalama katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima, naye ni mkimbizi.

Soma hayo maneno ya mwisho polepole, halafu fikiria mama aliyetoka Fizi au Uvira usiku na watoto wanne. Anaulizwa, "Nani alikuwa anakutafuta wewe?" Anasema, "Hakuna aliyenitafuta mimi, risasi zilikuwa zinaanguka kwa kila mtu." Anaogopa kwamba amejibu vibaya. Kumbe kwa mkataba wa 1969 amejibu vizuri kabisa. Angekuwa na kijana karibu yake anayejua hilo, asingekaa usiku mzima akifikiri atunge uongo wa kuongeza. Nimeona watu wazima wakiharibu maelezo yao ya kweli kwa kuongeza chumvi, sababu hawakujua kwamba ukweli wao ulitosha.

Swali lingine. Kila siku kambini tunasikia, "Kwa nini wametutupa huku?" Ukihesabu, Musasa iko Ngozi, Kinama iko Muyinga, Bwagiriza na Nyankanda ziko Ruyigi, Kavumu iko Cankuzo. Majina haya ya mikoa ni ya zamani, lakini ndiyo tuliyoyazoea. Zote ziko mbali na Rusizi, mbali na mahali tulipovukia. Watu wanafikiri ni dharau tu.

Nilipoanza kusoma maandiko yenyewe, nikakuta jibu. Mkataba wa 1969, kifungu cha 2, unasema kwamba kwa sababu za usalama, kadiri inavyowezekana, nchi iwaweke wakimbizi umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi walikotoka. Na Burundi yenyewe, ilipojiunga na ule wa 1951, tarehe 19 Julai 1963, iliweka sharti lake: mkimbizi asichague kukaa katika eneo linalopakana na nchi yake.

Halafu kuna Gatumba. Gatumba iko karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 watu wenye silaha waliingia kwenye kambi ya wakimbizi pale, wakaua watu zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, watoto na kina mama wakiwemo. Wengine wanaosoma haya wamezika watu wao pale, kwa hiyo sitaongeza maneno. Nasema tu kwamba ukijua Gatumba, unaelewa ile sentensi kavu ya mkataba iliandikwa kuzuia nini.

Nilipoeleza haya kwenye kikundi chetu, mzee mmoja aliyekuwa anasikiliza pembeni akasema, "Sawa mwanangu. Lakini aliyeandika hiyo aje alipe nauli ya kwenda Bujumbura." Tulicheka. Halafu nikafikiri: mzee ana hoja ya kisheria pale. Mkataba unasema "kadiri inavyowezekana" na "umbali wa kutosha". Kutosha ni kilomita ngapi? Mtu akiwa mgonjwa au akiwa na mtihani, huo umbali unahesabiwaje? Ukiwa hujui kifungu, unalalamika tu. Ukikijua, unaweza kuuliza swali ambalo mtu wa ofisini analazimika kulijibu.

Na ile karti tunayobeba, haikutoka hewani. Kuna sheria ya Burundi ya tarehe 13 Novemba 2008 juu ya hifadhi na ulinzi wa wakimbizi. Kuna ofisi ya serikali inayoshughulika nasi, ONPRA. Hayo yote ni maarifa ya jumla. Mrundi wa darasa la mwisho huenda hayajui. Wewe unayaishi, imebaki kuyasoma.

Ziwa nalo ni sheria

Mtu atasema, sawa, mikataba ninaielewa, lakini mito na maziwa ya nini kwa mwanasheria?

Chukua Ziwa Tanganyika. Mtahini atakuuliza linagusa nchi ngapi. Nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Ukikariri hivyo, umepata alama moja. Lakini mvuvi akitoka Uvira usiku, upepo ukamsukuma, asubuhi akajikuta mbele ya askari wa maji wa nchi nyingine, nyavu zikachukuliwa, hapo sheria ya nani inafanya kazi? Ndiyo maana nchi hizo nne zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa, Dar es Salaam, tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka ya ziwa ina ofisi yake kuu hapa Bujumbura. Ukijua hivyo, hutasahau kwamba nchi ni nne, sababu namba imepata kazi ya kufanya.

Tunavyofanya sasa

Baada ya kuanguka nilikaa wiki mbili sifungui kitabu. Halafu tukakaa vijana saba, dada watatu na kaka wanne, tukaanza upya. Niwape tunavyofanya, mchukue kinachowafaa.

Kwanza, kila jambo tunaliuliza maswali manne: ni nini, tangu lini, kwa nini, na linamgusa nani. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa. Tangu 2019. Kwa nini? Iko katikati ya nchi, watu wa pande zote wanaifikia kwa urahisi. Linamgusa nani? Mtu yeyote mwenye shida inayotakiwa kwenda ofisi kuu, anatakiwa ajue basi la kupanda ni la wapi. Usipoweza kujibu la tatu na la nne, bado hujalijua.

Pili, kila jibu tunaliandikia tarehe tuliyolipata na mahali tulipolipata. "Mikoa 5, redio, Machi." Miezi sita ikipita, mtu anarudi kuliangalia tena.

Tatu, tunasoma maandiko yenyewe. Katiba ya Burundi inapatikana kwa Kifaransa, mtu akiwa na simu na megabaiti kidogo anaipakua, anawapa wengine. Ukurasa miwili kwa siku inatosha. Ukiwa mjini, maktaba ya Institut français iko Bujumbura, nenda ukae usome magazeti. Ukiwa juu kambini, redio ya Kiswahili asubuhi na jioni, na daftari mkononi.

Nne, tunaelewa kwa Kiswahili, tunaandika kwa Kifaransa. Hii imetusaidia sana. Zamani nilikuwa nakariri sentensi za Kifaransa ambazo sikuzielewa vizuri, mtahini akigeuza swali kidogo napotea. Sasa kwanza mtu anaeleza kwa Kiswahili cha nyumbani, tunabishana mpaka tukubaliane. Ndipo tunaandika mistari mitano kwa Kifaransa, kwa dakika kumi, saa ikiwa mezani.

Tano, tunaenda kuyaeleza kwa mtu ambaye hakusoma. Dada mmoja wa kikundi alimweleza bibi yake tofauti ya 1951 na 1969 wakati wanachambua maharage. Bibi akauliza, "Sasa mimi niko wa ile ya kwanza au ya pili?" Dada akashindwa kujibu, akarudi kusoma. Hakuna mwalimu angemuuliza vizuri kuliko bibi.

Woga wa wazazi, na swali la kazi

Kuna wazazi hawapendi kikundi chetu. Wanasema, "Mnajadili katiba na marais, mtatuletea matatizo. Mkimbizi hafanyi siasa." Naheshimu huo woga, haukutoka bure. Mkataba wa 1969 wenyewe unamkataza mkimbizi kufanya vitendo vya uasi dhidi ya nchi nyingine ya Afrika, na unamtaka aheshimu sheria za nchi iliyompokea. Lakini wazee wangu, nitaheshimuje sheria ambayo sijaisoma? Kwenye kikundi hatusemi nani atawale. Tunasoma kilichoandikwa. Mzazi mwenye wasiwasi aje akae nasi, asikilize. Wawili walikuja, sasa ndio wanatukumbusha saa.

Swali zito zaidi ni hili: "Ukimaliza hiyo sheria, utafanya kazi wapi?" Hapa sitawadanganya. Burundi ilipojiunga na mkataba wa 1951, vifungu vya kazi ya mshahara iliviweka kama mapendekezo tu. Njia ni nyembamba. Sisemi kila mmoja atavaa joho na kusimama mahakamani Bujumbura.

Lakini kazi ya kujua sheria haianzi na joho. Watoto wanazaliwa hapa na hawaandikishwi kwa wakati, baadaye anakosa hata karatasi ya kuingilia shuleni. Mama anafukuzwa kwenye nyumba ya kupanga Kinama au Buterere bila kupewa muda. Kijana anafanya kazi mwezi mzima na halipwi. Hawa wote wanatafuta mtu mmoja tu anayejua waanzie mlango gani. Na siku tutakaporudi kwetu, Mungu akijalia, Kongo itahitaji watu wa kuamua kesi za mashamba ambayo wenyewe waliyakimbia na wengine wakayalima. Hao watu watatoka wapi kama hatukuanza kusoma huku?

Kwenu ndugu wa mashirika

Najua mnasoma humu. Kwa hiyo nawaambia kwa heshima.

Mafunzo ya ushonaji, sabuni na useremala ni mazuri. Dada yangu anakula kwa cherehani mliyompa. Lakini kijana akisema anataka kusoma sheria, nimeona sura zenu zinavyobadilika, kama vile ameomba ndege. HCR yenyewe imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe wameingia elimu ya juu. Ufadhili wa DAFI, unaolipwa kwa sehemu kubwa na Ujerumani, upo tangu 1992 na umepewa jina la Albert Einstein, ambaye naye alikimbia kwao. Mlango upo, ingawa ni mdogo. Sisi tunaanguka kabla hatujaufikia.

Hatuombi makubwa. Tunaomba mambo matatu. La kwanza, nakala chache za Katiba na za mikataba yetu, zilizochapishwa, zikae mahali pamoja kambini. Karatasi tu. La pili, chumba chenye taa saa mbili jioni, sababu mchana tunabeba maji na kufanya kazi zenu za kujitolea. La tatu, karatasi ya ruhusa ya kutoka iende na tarehe ya mtihani. Mimi yangu niliipata, lakini mwenzangu mmoja yake ilitoka siku moja baada ya mtihani. Hakuna aliyemkusudia mabaya. Tarehe ilipita tu, na yeye akabaki mwaka mzima.

Na mkitaka kutusaidia kujiandaa, msitupe kijitabu kingine cha maswali na majibu. Mtume mtu aje abishane na sisi saa moja kwa wiki.

Kijitabu bado niko nacho

Nilitaka kukichoma. Dada mmoja akanizuia, akasema, "Kaka, kiache, tutakitumia." Sasa kila Jumamosi mchana mtu anafungua ukurasa mmoja, na kazi yetu ni kutafuta kilichobadilika: nini, lini, kwa sheria gani. Ukurasa wa mikoa ulituchukua siku nzima, na siku ile nilijifunza kuliko miezi yote niliyokariri.

Nitarudi kufanya mtihani mwaka huu. Sijui kama nitapita. Lakini wakiniuliza tena mkimbizi ni nani, sitaacha jeupe.

Jumamosi hii ni ukurasa wa mahakama. Kijitabu kinataja moja tu ya kimataifa. Sisi tayari tumepata mbili ziko Arusha peke yake: ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ile ya Afrika ya haki za binadamu na watu. Atakayejua zaidi aje atuambie, na atakayekuja mikono mitupu aje na swali.